Hamidi Wawili

Siku Sila karani alipokuja kuaga, Zipora alikuwa ameinamia jiwe la kusagia, unga wa uwele umempanda mpaka viwikoni. Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa pili wa vita, na wanawake wa kambi ya askari pale Dodoma hawakuwa na neno jingine mdomoni ila Kondoa. Waume zao walikwenda huko kuwazuia Waingereza na Makaburu. Ilisikika kwamba watu wamepigana siku tatu mfululizo, na kwamba majeruhi wameanza kuletwa kwa machela. Zaidi ya hapo, kimya.

"Bi Stara yuko wapi?" Sila aliuliza, bila hata salamu.

Hilo tu lilimtosha Zipora kujua kwamba kuna jambo. Sila alikuwa kijana mpole, mwandishi wa karatasi za boma, na tangu ahamishiwe Dodoma hakuwahi kupita mbele ya mtu mzima bila kutoa shikamoo. Zipora alijipangusa mikono kwenye kaniki yake, akamwingiza ndani.

Bi Stara alikuwa mkekani akichambua kunde. Mume wake, shaushi wa zamani, yaani sajini wa askari, aliuawa katika vita vya kusini miaka kumi na moja iliyopita, na siku chache baadaye boma likamwambia atoke kibandani apishe mke wa askari mwingine. Alitoka na sufuria moja na mkeka mmoja. Hakusahau. Ndipo alipoanzisha Chama cha Kibaba: kila Ijumaa kila nyumba ya kambini hutoa kibaba kimoja cha nafaka, na nafaka ile ni ya wajane wa askari na watoto wao, mpaka mjane apate pa kukaa na shamba la kulima.

Zipora hakuwa mke wa askari. Alikuwa Mgogo wa upande wa Mvumi, mama wa binti mmoja, Ruthu, na mke wa mwalimu wa misheni, Sostenes, ambaye Wajerumani walimkamata mwaka uliotangulia pamoja na walimu wenzake kwa kuwadhania wapelelezi wa Waingereza, wakampakia garini kwenda upande wa Tabora. Kilichomleta kambini ni kifo cha mdogo wake, Mazengo, aliyekuwa askari. Zipora alipofika mbio kuwachukua mjane na watoto wa Mazengo, alikuta wameshachukuliwa. Walikuwa kwa Bi Stara, wameshiba, wamelala. Tangu siku ile hakuondoka. Bi Stara akawa mkuu wa chama, yeye akawa mwandishi wake, maana alikuwa mwanamke pekee kambini aliyejua kusoma herufi za Kizungu.

"Orodha imefika kutoka Kondoa," Sila alisema kwa sauti ya chini. "Wa kambi hii waliokufa ni watano. Wanne ni vijana, hawana wake hapa. Wa tano ni Hamidi bin Rajabu."

Bi Stara aliacha kuchambua. "Hamidi yupi?"

"Yupi tena?"

"Tunao wawili, baba. Hamidi Mrefu, mume wa Tabu, na Hamidi Mfupi, mume wa Mwanne. Wote ni bin Rajabu, wote kampani moja. Nani amekufa?"

Sila alishika paji la uso. Alisema kila jina lina namba ya askari kando yake, lakini yeye hakuikariri. Ilikuwa mia mbili na kitu. Ilikuwa na nne ndani yake. Zaidi ya hapo hakumbuki, na kurudi kutazama hawezi, kwa sababu jioni hiyo anapanda gari moshi kwenda kazi nyingine mbali. Tena amri ni kali: habari ya vifo isitoke mpaka kampani mpya iende vitani, askari wasije wakatoroka. Atakayeitoa atahesabiwa mpelelezi.

"Nisingesema," alisema, "ila nimeona nisiondoke na jambo hili moyoni peke yangu."

Alipokwenda zake, wale wanawake wawili walikumbuka vibati. Kila mke wa askari alikuwa na kibati cha posho, kipande cha bati kilichogongwa namba ya mumewe, na kwa kibati hicho ndipo alipimiwa nafaka pale stoo. Zipora akazunguka akakusanya vibati sita au saba, akidai kwamba chama kinataka kuvikagua, ili vile viwili vya akina Hamidi visishukiwe. Cha Tabu kilikuwa na 214. Cha Mwanne kilikuwa na 241.

"Mungu wangu," alisema Zipora. "Zote zina nne."

Kama si safari ya Tabu, wangeweza kungoja. Lakini Tabu alikuwa anaondoka kesho. Alikuwa mke mchanga, ana mtoto wa kunyonya wa miezi minne ambaye baba yake hajamtia machoni, na alikuwa ameomba kufuatana na msafara wa wapagazi wanaopeleka risasi na unga njia ya Kondoa. Wake wa askari walikuwa na desturi hiyo ya kufuata kampani za waume zao, wakawapikia na kulala nao porini. Wapagazi walingoja mizigo itakayoteremshwa na gari la asubuhi. Jua la utosini wangeanza safari. Siku saba za miguu, nyika kavu, na mwisho wake mizinga.

"Akienda kumfuata maiti, mtoto atakufa njiani na yeye mwenyewe atafia huko," alisema Bi Stara. "Tukimzuia bure, na mumewe yuko hai anamngoja, tutakuwa tumemfanya nini?"

"Na Mwanne?"

"Mwanne ana watoto watatu. Anahitaji nyumba kabla ya boma kumtoa. Anahitaji kujua siku ya kuanza eda. Mama Ruthu, mtu hawezi kukaa akimtengea chakula mume aliyekwisha kuzikwa."

Zipora alijua mazungumzo yale yanaelekea wapi. Kila asubuhi wasagaji walipeleka unga stoo ya boma, na mlango wa stoo ulitazamana na mlango wa chumba cha makarani.

Bi Stara alitaka kwenda mwenyewe. Alichora zile namba vumbini kwa kidole, akazifuta, akazichora tena, mpaka akawa anazijua kwa sura kama mtu anavyowajua mapacha. Lakini mgongo wake ulikuwa mbovu, gunia haukulibeba, na asiye na gunia hapiti langoni.

"Nitakwenda mimi," alisema Zipora.

"Wewe mumeo yuko kifungoni. Wakikukamata na karatasi ya vita mkononi..."

"Najua, Bi Stara. Usinimalizie."

Asubuhi alibeba gunia lake akafuatana na wenzake kumi na wawili. Njia nzima alikuwa akisema moyoni: mia mbili na kumi na nne ni Tabu, mia mbili na arobaini na moja ni Mwanne. Alisema hivyo mpaka maneno yakaanza kumchezea, akajikuta anasema kinyume, akasimama kwa hofu, akaanza upya. Tabu ana kumi na nne. Tabu mdogo, namba ndogo. Hapo akatulia kidogo.

Mkubwa wa stoo alikuwa Mjerumani mwembamba mwenye ugonjwa wa kifua. Wanawake walimwita Bwana Kikohozi. Alipima magunia mwenyewe, mdomo umefungwa kitambaa kwa ajili ya vumbi la unga, na kila alipokwisha kupima magunia manne au matano alitoka nje nyuma ya stoo kukohoa. Zipora alijiweka mwisho wa mstari. Gunia lake lilipowekwa kwenye mizani, Mjerumani alikuwa ameanza kushika kifua. Akaashiria kwa mkono, weka pale, akatoka.

Zipora akavuka. Hatua sita. Chumba cha makarani kilikuwa kitupu. Aliyechukua nafasi ya Sila alikuwa bado hajafika. Mezani palikuwa na daftari kubwa limefunguliwa, na ndani yake karatasi ndefu.

Aliinama asome, na moyo ukamwanguka. Hakuweza kusoma hata neno moja. Yeye alijifunza kusoma kwenye vitabu vya misheni vilivyopigwa chapa, herufi zimesimama moja moja. Haya yalikuwa maandishi ya mkono ya Kijerumani, yamelala upande na kuchongoka kama mstari wa miiba. Hakuona Hamidi. Hakuona Rajabu. Huko nje alisikia kikohozi, kikavu, kirefu, kikapumzika.

Namba, alijiambia. Namba ni zilezile.

Akaweka kidole juu ya karatasi, akateremka nacho pembeni. Mia moja na sitini na tatu. Mia tatu na nane. Mia mbili na tisini. Kikohozi kilianza tena, safari hii kifupi. Mia moja na kumi na moja. Kisha mbili, nne, moja.

Alisoma mara tatu. Mbili, nne, moja. Si Tabu. Wazo lake la kwanza lilikuwa furaha, na furaha ile ikamchoma mara moja kama kaa la moto, kwa maana ilikuwa ni kusema Mwanne.

Aligeuka. Alikuwa ameshika ufagio wa pale mlangoni wakati Bwana Kikohozi aliporudi akijifuta midomo. Alimtazama. Zipora akafagia unga uliomwagika kizingitini, taratibu, kama mtu aliyeamriwa. Yule Mjerumani akasema neno, akampungia mkono aende.

Alipita langoni bila kugeuka nyuma. Alitembea mpaka askari wa zamu wasimwone tena, ndipo alipokimbia.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Pale kituoni kichwa cha gari moshi kilikuwa kikipumua, na wapagazi walikuwa wanafunga mizigo kwa kelele. Zipora alipita katikati yao akimtafuta Tabu ili amwambie, nenda mama, nenda salama. Hakumwona. Aliona kitita chake kimewekwa kando ya njia, kimefungwa vizuri, na juu yake kibuyu cha maji.

"Mwenye mzigo huu yuko wapi?"

"Kaitwa na yule bibi wenu," alijibu mpagazi mmoja. "Kaondoka analia."

Zipora akajua. Gari lilikuwa limewahi, mizigo imeshateremshwa, msafara unataka kuondoka kabla ya wakati wake, na Bi Stara alipoona hivyo hakuweza kuvumilia, akamwambia Tabu ni mume wake aliyekufa.

Uani kwa Bi Stara palikuwa na wanawake wanane, vinu vimesimama na michi imelala. Hakuna aliyekuwa akitwanga. Ndani ya nyumba, Tabu alikuwa amelala kifudifudi, khanga imemfunika kichwa, mabega yanapanda na kushuka. Bi Stara alikuwa amekaa ukutani, mkono shavuni. Na aliyemshika Tabu, aliyempakata kichwa chake mapajani huku akimbembeleza mtoto wa Tabu asilie, alikuwa Mwanne.

"Pole, mdogo wangu," Mwanne alikuwa akisema. "Lia polepole. Mimi nipo. Utakaa kwangu. Hamidi wangu akirudi nitamwambia akujengee chumba, ni fundi wa kujenga yule. Lia polepole."

Zipora alisimama mlangoni. Alitaka kurudi nyuma, na wanawake wa uani walikuwa wameshajaa nyuma yake.

Bi Stara aliinua macho. Midomo yake ilitamka bila sauti: Ipi?

Zipora akamtazama Mwanne. Bi Stara alimtazama usoni, kisha akamtazama Mwanne, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Mwanne hakuwa mjinga. Aliuona mtazamo ule ukipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine na kutua kwake. Mkono wake uliokuwa ukimpapasa Tabu ukasimama.

"Mama Ruthu," alisema. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Mwanne, twende nje kidogo."

"Sitoki. Sema hapa."

"Dada yangu..."

"Sema hapa hapa."

Zipora alipiga magoti mbele yake. Alisema kwamba waliambiwa jina tu, na jina ni la watu wawili. Alisema kwamba ameiona namba kwa macho yake leo asubuhi. Kisha akaitaja. Hakuitaja kwa haraka. Alitaja tarakimu moja moja, kwa sababu aliogopa kukosea hata sasa.

Tabu aliinuka. Uso wake ulikuwa umevimba, na machoni mwake kulipita mwanga ambao hakuweza kuuzuia, kisha akatambua yu mapajani mwa nani. Akajiziba mdomo.

Mwanne alikaa kama alivyokuwa. "Mfupi," alisema. "Mfupi wangu." Kifua chake kikaanza kupanda, na kila mwanamke mle ndani akajua kinachokuja. Ulikuwa ukija ukelele, ule wa msiba, unaosikika mpaka ng'ambo ya reli. Boma likiusikia, litauliza nani alimwambia, na likiuliza hivyo litafika kwa Sila garini, na kwa Zipora.

Bi Stara aliruka, licha ya mgongo ule mbovu. "Vinu!" alisema kwa wale wa uani. "Twangeni! Twangeni nyote!"

Walielewa. Michi minane ikainuka na kushuka, ikainuka na kushuka, ardhi ikatikisika. Mmoja akaanzisha wimbo wa kutwanga, wengine wakaupokea kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Na chini ya kishindo kile Mwanne akalia. Alilia kwa kinywa kipana, Tabu amemkumbatia kutoka nyuma, na mtoto naye akalia, na nje hapakusikika ila michi.

Walitwanga hivyo muda mrefu. Mtama uligeuka unga, unga ukageuka vumbi, nao wakaendelea. Zipora alichukua mchi wa mwenzake aliyechoka. Alikuwa katikati ya kuuinua alipomwona Efendi amesimama kwenye uwazi wa uzio.

Efendi alikuwa mkuu wa askari weusi wote wa kambi, mtu mzima wa Kisudani mwenye ndevu za mvi, aliyelitumikia boma tangu Wajerumani wafike. Wanawake walipomwona walilegea, wimbo ukayumba.

"Unga wa leo si umeshapelekwa?" aliuliza.

"Huu ni wa kesho, Efendi," alisema Bi Stara, akitokea mlangoni. Jasho lilimtiririka.

"Hata wimbo ni wa kesho?"

Michi ilipolegea, sauti ya Mwanne ilipenya ukutani, nyembamba, mara moja tu. Efendi aliisikia. Zipora alimwona akiisikia. Alimwona akitazama chini, akisugua vumbi kwa ncha ya kiatu. Kijana wake wa kwanza, kila mtu alijua, alikuwa Kondoa.

"Basi msiache," alisema hatimaye. "Mkiacha, nitasikia." Akaondoka.

Mchana ule walidhani wamepona. Ilikuwa jioni, Zipora akinawa mikono, alipouona unga ukitoka kuchani mwake na kuyafanya maji kuwa meupe. Akatazama kidole chake cha shahada. Kidole kile kilitoka kwenye gunia moja kwa moja mpaka kwenye karatasi, na kikateremka juu ya namba zote mpaka ile ya Hamidi, kikaishia hapo.

Alikwenda akamwambia Bi Stara. Yule mama alifikiri kidogo. "Labda watapangusa bila kuangalia," alisema. Wote wawili walijua kwamba hawatapangusa.

Asubuhi wasagaji wote kumi na watatu walisimamishwa mbele ya stoo, na Bi Stara akaitwa kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Bwana Kikohozi alikuwa ameshika karatasi kwa ncha za vidole. Mstari mweupe ulionekana hata kwa mbali. Alisema, na Efendi akatafsiri: nani ameigusa karatasi hii? Anayejua kusoma atoke mbele.

Zipora alihisi macho ya wenzake yakijitahidi yasimtazame. Alimfikiria Sostenes na kamba ya kunyongea ambayo watu walikuwa wakiinong'ona. Alimfikiria binti yake, Ruthu, aliyemwacha kwa bibi yake kijijini. Akasogeza mguu.

"Ni mimi," alisema Bi Stara.

Efendi alimtazama. "Wewe husomi."

"Sisomi. Nilitafuta namba. Mwambie Bwana mimi ni mkubwa wa wajane wa kambi hii. Kila anayekufa, watoto wake huja kwangu. Nilitaka kujua niandae nyumba ngapi. Nilipita jana wanawake walipokuwa mizani."

"Langoni hukuonekana."

"Mwanamke mzee haonekani, Efendi. Hiyo ndiyo sifa yake."

Mjerumani hakuamini. Alichukua chaki akaandika namba sita kwenye ubao wa stoo, akamwashiria aonyeshe ile aliyoitafuta. Zipora alizitazama: 124, 214, 412, 241, 142, 421. Bi Stara alisogea karibu na ubao, akainamisha kichwa huku na huku. Alikaa sana. Kisha akaweka kidole juu ya 241, na hakukiondoa.

"Bi Stara..." Zipora alianza.

"Nyamaza!" Yule mama aligeuka kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. "Watoto wa watu hawajala, nawe umesimama hapa kunililia. Nenda ukafanye kazi."

Hakupigwa, kwa kuwa viboko havikuwa vya wanawake. Aliandikiwa miezi mitatu huko Gulwe, kuwasagia nafaka wafungwa waliokuwa wakitengeneza njia ya reli. Mchana huohuo alipandishwa kwenye behewa la mizigo pamoja na mkeka wake. Zipora aliruhusiwa kumpa maji tu. Alipomkabidhi kibuyu, Bi Stara alimshika mkono.

"Nilikosea kwa Tabu," alisema. "Nilishindwa kungoja. Wewe usiseme kabla hujajua. Na ukishajua, usikae nalo."

Kwa hiyo Zipora akabaki na chama. Mwanne alikaa eda katika nyumba ya Mwarabu mmoja aliyehamia Kondoa kabla ya vita na kumwachia Bi Stara ufunguo. Tabu alihamia naye, akawa anamtekea maji na kumsagia, na wapagazi walipokwenda tena Kondoa hakuwauliza nafasi. Kati yao mambo hayakuwa mepesi. Siku nyingine Mwanne hakuweza kumtazama Tabu, wala Tabu hakuthubutu kumtaja mume wake mbele yake, hata alipoota ndoto mbaya. Lakini walilala chumba kimoja, na watoto wanne walilala mkeka mmoja.

Orodha nyingine zilikuja. Karani mpya alikuwa mtu mgumu, hakusema na mtu. Ila mara mbili, Zipora alipokuwa anapima unga, Efendi alipita nyuma yake na kutamka jina na namba, kama mtu anayejikumbusha mambo yake. Mara ya tatu alitamka jina la kijana wake mwenyewe, akaendelea kutembea. Siku hiyo Zipora alikwenda kwa mke wa Efendi mwenyewe na kibaba cha unga mkononi, na akamkalisha chini, na uani wanawake walikuwa wameshashika michi.

Hakuizoea kazi ile. Wanawake wakaanza kumwogopa. Akipita njiani na kitu mkononi, milango ilifungwa, na watoto waliambiwa wamwambie mama hayupo. Siku asizokuwa na habari alianza kutembea mikono mitupu, akiinyoosha ili waione, mpaka afike anakokwenda.

Mwisho wa mwezi wa saba Wajerumani walifunga virago. Walichukua ng'ombe, walichukua nafaka ya stoo, wakabomoa vyombo vya simu, wakaondoka kufuata reli kuelekea mashariki, na Efendi pamoja nao. Siku mbili baadaye Dodoma ilikuwa na Makaburu juu ya farasi waliokonda. Hakuna aliyewauliza wanawake wa kambi kitu, wala hakuna aliyewapa posho.

Siku ya nne Bi Stara alirudi. Alikuja kwa miguu kutoka Gulwe, akifuata reli, baada ya walinzi kukimbia na kuwaacha wafungwa. Alikuwa amekwisha, mifupa ya mabega ilisimama chini ya kaniki, na mgongo ulikuwa umepinda moja kwa moja. Zipora alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamletea uji. Bi Stara alikunywa vijiko vitatu, akaweka bakuli chini.

"Wangapi?" aliuliza.

"Kumi na wanane."

"Wenye wake hapa?"

"Kumi na mmoja."

"Umewaambia wote?"

Nje, upepo ulikuwa ukipiga milango ya vibanda vitupu. "Bado mmoja," alisema Zipora. "Nimepata jina jana tu, kwa majeruhi aliyeachwa kituoni. Alikuwa naye alipokufa, kwa hiyo ni kweli. Lakini sijaweza, Bi Stara. Ni Hamidi Mrefu."

Yule mama alifumba macho. Vidole vyake vikazunguka ukingo wa bakuli. Halafu akanyoosha mkono ili ainuliwe, na Zipora akamwinua. Zipora akachukua kibaba cha unga, wakatoka pamoja, polepole kwa ajili ya mgongo ule, wakashika njia ya nyumba ya Mwarabu, na walipokaribia walimwona Mwanne amesimama mlangoni. Aliwaona wawili. Aliona kibaba mkononi mwa Zipora. Hakufunga mlango. Aligeuka ndani, akamwita Tabu kwa sauti ya upole, akamwambia aje akae karibu naye.